Shikamoo Iliyoninyima Mkopo

Nina duka la vitabu. Msinicheke. Lipo karibu na stendi, katikati ya kinyozi na wakala wa pesa, na wengi wanaoingia wanaomba chenji. Januari ndiyo mavuno yangu, wazazi wanapogombania madaftari na kaunta buku. Januari ikipita nabaki na riwaya zangu, tunatazamana.

Nikasikia halmashauri inatoa mikopo, asilimia 10 ya mapato ya ndani. Haina riba! Mimi niliyezoea kausha damu, anayekuja kudai wakati chai haijapoa, nikasikia harufu ya pilau.

Hesabu yenyewe: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nikajumlisha, 10 kamili. Nikajumlisha tena nikitafuta alipokaa baba wa makamo mwenye duka la vitabu. Hayupo. Yupo kwenye mapato ya ndani. Leseni nalipa, ushuru wa taka nalipa, halafu hela yangu mwenyewe naiona inapita dirishani kwenda kwa jirani.

Nikasema basi, nitakuwa kijana. Sheria ilipopita 2018 nilikuwa na miaka 40, na kijana mwisho wake 35. Mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa, vikundi hewa vimeshakula vikashiba. Iliporudi 2024, kijana akasogezwa hadi 45. Mimi nikawa nimeshafika 46. Serikali inanikimbilia kwa nyuma, jamani, na haijanifikia mpaka leo.

Sikukata tamaa. Nikanyoa ndevu, nikavaa fulana ya mwanangu, nikaingia ofisi ya kata nikidunda kidogo kwenye hatua. Yule dada wa maendeleo ya jamii akainua uso.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Ilinitoka kabla sijaizuia. Mkopo ukafia hapo hapo mlangoni. Akaniuliza kwa upole kama hata hicho kikundi ninacho, maana wanatakiwa watu 5. Dada yangu, watano wa kuuza vitabu nitawatoa wapi, wakati watano wa kununua sijawahi kuwapata kwa siku moja?

Nyumbani mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kesho yake akakusanya wenzake wanne wa mtaani. Mradi: kuku wa mayai. Katiba ya kikundi nimeandika mimi. Andiko la mradi nimeandika mimi, kurasa nane, na nikawapamba wale kuku hadi nikawaonea wivu. Kuingiza maombi kwenye mfumo nikakesha siku mbili, mfumo unazunguka, mimi nasinzia. Hela ikatoka. Wakanishukuru kwa soda.

Sasa banda ni dogo, kwa hiyo pumba zinakaa dukani kwangu, chini ya meza. Trei za mayai zimepangwa juu ya rafu ya ushairi kwa sababu, kasema mke wangu, pale hapaguswi na mtu. Kweli, hapakuwa pakiguswa.

Juzi akaingia kijana mmoja. Akasimama mbele ya riwaya, kimya, muda mrefu. Akachomoa moja, akafungua katikati, akapapasa karatasi kwa vidole kama mtu anayejua. Moyo ukaanza kunidunda. Nikafuta vumbi kwenye kiti nimkaribishe.

“Mzee, nipe mayai mawili,” akasema. “Nifungie na hii.”