Papa begani: tatoo za wapiga mbizi zinasema nini hasa?

Jamaa yangu mmoja anapiga mbizi na mitungi, na begani ana papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, tena sio wa kubuni. Alienda kisiwa cha Mafia, maana pale mbele ya mji wa Kilindoni kuanzia kama Oktoba mpaka Machi ndo wanaonekana vizuri, akampiga picha samaki mmoja ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua. Madoa ya papa potwe ni kama alama za vidole, hamna wawili wanaofanana, na watafiti wanawatambua kwa madoa hayo hayo. Basi aliporudi Dar akampelekea mchoraji ile picha na kumwambia usihamishe hata doa moja. Nimeiangalia kwa karibu, kuna doa kubwa karibu na kwapa alafu mstari wa madogo unapanda kuelekea shingoni, na ukiweka picha pembeni unaona ni yule yule.

Tatoo kama hiyo mi naielewa kabisa. Ila sio zote ziko hivyo. Kuna mtu amezamia visiwa vya Bongoyo na Mbudya hapo Dar, ameona kasa, ameona pweza na samaki wa matumbawe, alafu mkononi amechora papa mweupe mkubwa kinywa wazi meno nje, samaki ambaye hajawahi kukutana naye hata siku moja. Hapo ndo mjadala unapoanzia, na tusiupite juu juu.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Ukimuuliza mpiga mbizi siku aliyomwona papa kwa mara ya kwanza, wengi watakwambia kitu kile kile: unasikia pumzi yako tu kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, moyo unapiga, yule samaki anageuka taratibu, anakutazama, alafu anaondoka zake. Hakuna lililotokea, na ndo maana hausahau. Umeingia kwa mwenyewe, mwenyewe akakuacha upite. Kwa hiyo mchoro unakuwa shukrani, na kwa wengine ni kumbukumbu ya woga walioushinda. Neno lenyewe tatoo asili yake ni visiwa vya Pasifiki, na huko Hawaii kuna hadithi ya zamani ya mwanamke aliyeng'atwa kifundo cha mguu na papa ambaye ni mlinzi wa ukoo wake, alipolitaja jina lake yule papa akamwachia na kumwambia sitarudia kosa hili, nitaziona alama za mguuni kwako. Ndo maana watu wa huko walikuwa wakichora alama kwenye vifundo vya miguu. Yaani alama ilikuwa ni makubaliano, mtu na papa wanajuana.

Upande wa pili sasa. Nyumbani mama atakwambia ni haramu, na mkristo atakufungulia Walawi 19:28, na hayo mi siwezi kuyabishia, ni imani ya mtu. Kuna suala la kazi pia, matangazo ya ajira za polisi yanataka mwombaji asiwe na michoro mwilini, kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayejichora leo awe anajua mlango anaoufunga. Ile hoja ya "sio utamaduni wetu" ndo naiona dhaifu, Wamakonde walikuwa na nembo usoni kabla hata mashine za kuchorea hazijafika mjini, na chale tumechanjwa wengi.

Hoja iliyonigusa mimi niliisikia Feri, soko la samaki la Dar. Tulienda na huyo jamaa asubuhi, mnada umechangamka, papa wamelazwa chini mkia kwa mkia. Jamaa kavaa singlendi, mzee mmoja anayekata samaki akaliona lile bega. Tukamsalimia shikamoo mzee wetu, akaitikia marahaba wanangu, akasema: "Mimi huyu papa nimemvua kwa jarife tangu kijana, nimesomesha watoto kwa papa, sijawahi kuona haja ya kumchora. Nyie mnamchora hamumjui hata bei."

Ile kauli ni kweli na inauma. Kwetu pwani papa ni kitoweo, ni papa mkavu wa nazi na ugali, ni ada ya shule. Na kwenye lugha yetu ukimwita mtu papa umemtukana, tumezoea kusema fisadi papa, mlafi anayemeza kila kitu. Papa wa meno nje mkononi kwa mtu anaisogeza mbele picha hiyo hiyo, kwamba ni muuaji na mimi nimemshinda. Wakati papa wanaua watu wachache sana duniani, kwa wastani hata 10 kwa mwaka hawafiki, na sisi binadamu, kwa makadirio ya wanasayansi ya mwaka 2013, tunaua papa kama milioni 100 kila mwaka. Papa potwe mwenyewe toka 2016 yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na anakula dagaa na viumbe vidogo vya majini.

Kwa hiyo mi nasimama wapi? Nasimama na mchoro wenye samaki anayejulikana, aliyeonekana na macho ya mvaaji. Ila simuungi mkono mpiga mbizi anayemwona mvuvi kama adui kisa yeye ana wino begani, maana mzee yule alituambia pia kwamba zamani walikuwa wanavuta papa wa kubebwa na watu wanne na siku hizi wanapata vitoto tu. Jambo wanalolihofia wote wawili ni moja, sema mmoja anaweza kuishi bila papa na mwingine hawezi.

Kabla hatujaondoka mzee alifuta mkono kwenye kitambaa, akaweka kidole kwenye lile doa kubwa karibu na kwapa, akauliza huyu mwenyewe yuko hai bado? Jamaa akamwambia ndio mzee, msimu uliopita kaonekana tena Kilindoni, madoa yale yale. Mzee akalitazama bega kidogo, akasema haya, akarudi kwenye kisu chake.