Kulipa si kufutwa

Makala niliyosoma inasema ukimaliza deni la zamani, jina linatoka CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu. Hapana, ndugu mwandishi. Linabadilika tu kutoka "hajalipa" kuwa "amelipa". Rekodi ya kuchelewa hukaa miaka 5 tangu siku uliyomaliza kulipa.

Mimi nilikuwa na mkopo wa simu wa shilingi 3,400 uliozaa hadi karibu 7,000. Dalali wa mkopeshaji, yule wa kudai madeni, alimpigia hata shemeji yangu, aibu iliyoje! Nikalipa, nikajua yameisha. Miezi minne baadaye naenda kuomba pesa za kuongeza marobota ya mitumba sokoni Gikomba, Nairobi, afisa ananigeuzia kompyuta nijionee: bado nadaiwa, tena zote. Kumbe mkopeshaji hakupeleka taarifa. Kilichoniokoa ni ujumbe wa M-Pesa niliokuwa sijaufuta, na barua ya kumaliza deni niliyoing'ang'ania wiki nzima.

Kenya CRB ziko tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti ya bure mara moja kwa mwaka. Itisha zote, maana moja inaweza kuwa safi na nyingine chafu. Ukikuta kosa, peleka malalamiko kwa CRB yenyewe pamoja na hiyo barua, achana na kubishana na dalali.

Siku hizi nakopa kidogo kidogo kwa sacco na kurudisha kabla ya tarehe. Na wale wa Facebook wanaouza "kusafisha jina" kwa jioni moja, mnamsafisha nani?