Antivirusi ya Bure, Kelele za Kulipia

Kompyuta haijamkosea mtu. Imewashwa tu mtoto achape kazi ya shule. Kabla hata haijatulia, kona ya chini kulia kinachomoza kiboksi chekundu: uko hatarini, matatizo 3 yamegunduliwa! Unabonyeza moyo ukienda mbio, unataka kujua ni kirusi gani kimeingia. Tatizo la kwanza: hujanunua VPN, ile programu ya kuficha unapopita mtandaoni. La pili: hujanunua programu ya kufagia takataka. La tatu: hujanunua toleo la kulipia la antivirusi hiyo hiyo. Hayo ndiyo magonjwa yako, mzee.

Ndiyo antivirusi ya bure hiyo. Ni mlinzi anayekugongea dirisha saa nane usiku kukujulisha kwamba mwizi hajaja, halafu anaomba ya chai.

Wakati mwingine hata siyo yeye. Ukiona juu ya kiboksi pameandikwa Chrome pamoja na anwani ya tovuti usiyoijua, hapo hakuna antivirusi wala kirusi. Ni tovuti fulani ya kushushia muvi ilikuuliza "Allow", ukabonyeza ili ikupishe uendelee. Sasa inakutisha kila siku, na ukibofya onyo lake unapelekwa kununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Ingia Settings ya Chrome, kisha "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", ufute kila jina usilolitambua. Hupakui kitu, hulipi kitu. Ajabu ni kwamba kuna watu hupeleka mashine kwa fundi kwa ajili ya hili, na fundi hupiga Windows upya. Picha za harusi zinaenda na maji.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba antivirusi ya bure tayari imo humo ndani. Inaitwa Microsoft Defender, imejengwa ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hupima antivirusi kwa alama 6 za ulinzi, 6 za wepesi na 6 za kutopiga kengele za uongo, na Defender kwa miaka sasa imekuwa ikikaa juu kabisa huko. Haikuombi hela, haikuuzii VPN. Lakini binadamu tulivyo, kitu tusichokihangaikia hatukiamini. Lazima tupakue!

Haya, pakua. Kwanza andika anwani ya mtengenezaji mwenyewe, usibofye jibu la juu kwenye Google, maana la juu mara nyingi ni tangazo. Faili linalokuja ni dogo, unafurahi. Usifurahi. Hilo ni la kuitia wenzake: ukilifungua tu linaanza kuvuta mamia ya MB, na bando linaaga dunia likiwa asilimia sitini. Tafuta kwenye tovuti ile ile faili kamili la kusakinisha bila intaneti, ulishushe penye wifi. Kisha kinatokea kitufe kikubwa cha kijani, na chini yake maandishi ya kijivu madogo kama chawa. Hayo ya kijivu ndiyo yenye "Customize", na ndani yake utakuta visanduku vimeshawekwa tiki kwa niaba yako: kivinjari kipya, cha kukusaidia kununua vitu, cha kukuharakishia mashine. Toa tiki zote, bakiza ulinzi wa mafaili na wa wavuti.

Ukimaliza nenda moja kwa moja sehemu ya faragha, ukatae kushirikisha taarifa zako. Huu si woga wa kijijini. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, kwa sababu taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu iitwayo Jumpshot, ambayo ilifungwa mwaka 2020. Kwa hiyo mtu alikuwa analindwa dhidi ya wanaomchungulia, na mlinzi mwenyewe anauza alichochungulia.

Mwingine akisikia hivyo anafuta Avast kwa hasira na kuweka AVG. AVG ilinunuliwa na Avast mwaka 2016! Anaruka kwenda Avira. Avast, AVG, Avira na Norton, zote leo ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Hasira zako zimezunguka nyumba nzima na mwenye mali ni yule yule. Kama Defender huitaki kabisa, Bitdefender ya bure haina maneno mengi, ila itakutaka ufungue akaunti kwa barua pepe. Kaspersky nayo ina ya bure, lakini ndugu aliyeko Marekani usimshauri: huko serikali iliipiga marufuku, na tangu tarehe 29 Septemba 2024 hairuhusiwi hata kuwapelekea masasisho.

Halafu yupo anayesema moja haitoshi, aweke mbili. Aisee! Kila faili likifunguliwa, zote mbili zinalirukia kulikagua kwa wakati mmoja. Moja ikimfungia kirusi karantini, ya pili inamwona kule kule na kupiga yowe. Kwenye laptopu ya RAM GB 4 na diski ya kuzunguka, Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nani anatumia nini, inaonyesha diski asilimia 100, na Word inafunguka baada ya chai kupoa. Defender ina adabu, ikiona mgeni inajiweka pembeni yenyewe. Ugomvi ni wa hao wageni wawili. Na kumtoa mgeni si kubonyeza "Uninstall" tu. Kila kampuni ina kifaa chake cha kufutia mabaki, Avast wanakiita Avast Clear. Kiendeshe kwenye Safe Mode, yaani Windows ikiwa imewaka na vya lazima tu, washa upya, kisha fungua Windows Security, sehemu ya ulinzi ya Windows yenyewe, uhakikishe Defender imerudi kazini. Wengi huishia katikati, wakabaki hawana mgeni wala mwenyeji.

Sasa njoo kwenye flashi ya steshenari, maana adui wetu halisi anapita humo. Umeenda kuprinti barua ya maombi ya kazi, umerudi, folda zako zote zina kishale kidogo kona ya chini kushoto, na kila moja ina KB 1 au 2. Usibofye hata moja. Mafaili yako hayajafa. Kirusi kimeyaficha, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina, kikaweka njia za mkato (shortcut), na ukibofya njia ya mkato unakianzisha kwa mkono wako. Bofya kulia kwenye jina la flashi, uiskani na Defender kwanza. Futa vile vya kishale na chochote ambacho jina lake linaishia na .vbs, yaani faili la amri. Ndipo ufungue Command Prompt, dirisha jeusi la kuandikia amri, na uandike, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, vitu vyako vitajitokeza. Ukianza na amri hii kabla ya kuskani, virusi navyo vitajitokeza, kazi ni yako. Mara nyingine jitumie barua kwa baruapepe na flashi ibaki nyumbani.

Anayebana bando atasema Defender yake haijasasishwa tangu mwezi uliopita. Sawa. Microsoft wana faili la masasisho ya Defender liitwalo mpam-fe.exe, linazidi MB 100. Lishushe penye wifi, libebe, ulibofye mara mbili, basi. Wenye Windows 10 wasijidanganye lakini: msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wamesema Defender humo itaendelea kupata orodha ya virusi hadi Oktoba 2028, ila orodha ya virusi haizibi matundu ya Windows yenyewe.

Na wewe unayelalamika antivirusi zote ni mbovu, tuambizane. Umeshusha Office ya wizi. Maelekezo yake, hatua ya kwanza kabisa, yanasema zima antivirusi. Umezima, umetii kuliko unavyomtii mzazi! Hujaiwasha tena. Au fundi alikuwekea yeye, akakuachia zawadi. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", teremka chini kabisa hadi "Exclusions". Hiyo ni orodha ya mahali ambapo Defender imekatazwa kuangalia. Kwa kawaida huwa tupu. Ukikuta pameandikwa C:\, yaani diski nzima, ifute, endesha "Microsoft Defender Offline scan" inayochukua kama dakika 15 mashine ikijiwasha upya, na wakati unasubiri mpigie fundi umuulize alikuwa anamficha nani.