Pampu ya Insulini Itangulie Mimba

Nilipopata ujauzito wangu wa kwanza nilikuwa nimeishi na kisukari cha aina ya kwanza kwa miaka 14, na pampu ya insulini nilikabidhiwa katika wiki ya 11, hapa Uingereza ninakoishi, kwa nia njema kabisa ya kunisaidia. Ninaamini ilichelewa. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, wakati wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito, na sukari iliyopanda katika siku hizo huongeza hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro. Ndiyo maana mwongozo wa matibabu wa nchi hii unamshauri mwanamke ashushe kwanza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili mitatu iliyopita, chini ya asilimia 6.5, iwapo anaweza bila sukari kumshuka mno, na aanze kumeza asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku kabla hajashika mimba.

Kuizoea pampu kunataka muda. Hutiririsha insulini ya muda mfupi tu, kidogo kidogo usiku na mchana, kupitia kijirija kinachochomekwa chini ya ngozi na kubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Mwilini hamna akiba ya insulini ya muda mrefu, hivyo kijirija kikikunjika, ketoni, yaani tindikali za hatari ambazo mwili huzitoa unapounguza mafuta kwa kukosa insulini, zinaweza kujaa katika damu ndani ya saa chache, na kwa mjamzito hilo huweza kutokea hata sukari ikiwa haijapanda sana. Mimi lilinipata katika wiki ya 13. Niliamka alfajiri nikitapika, nikadhani ni kichefuchefu cha mimba, na mume wangu ndiye aliyesisitiza nipime ketoni. Nilijidunga insulini kwa sindano ya kalamu, nikabadilisha kijirija, tukakimbilia hospitali. Mwanamke aliyeishi na pampu yake mwaka mzima angeushuku mrija kwanza.

Baada ya hapo mahitaji ya insulini hayatulii. Kwangu yalipungua mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza, nikawa naamka usiku sukari imeshuka, kisha kuanzia wiki ya 16 hivi yakapanda kila wiki, kwa sababu homoni za kondo la nyuma huupinga utendaji wa insulini, hata kufikia wiki ya 36 nilihitaji zaidi ya mara mbili ya kiwango cha awali. Kondo linapotoka, mahitaji huporomoka papo hapo. Viwango vya baada ya kujifungua tulikuwa tumevihifadhi ndani ya pampu mapema, na mkunga alikuwa na nakala yake, jambo ambalo ninamsihi kila mwenye pampu alifanye kabla uchungu haujaanza.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumtisha asiye na pampu. Katika uchambuzi wa utafiti wa CONCEPTT, uliochapishwa mwaka 2018, wajawazito waliojidunga sindano mara kadhaa kwa siku walidhibiti sukari vizuri kuliko wenye pampu za kawaida, na watoto wao walihitaji uangalizi maalumu mara chache zaidi. Pampu iliyounganishwa na kihisi cha sukari, inayojirekebisha yenyewe, ni habari nyingine: katika utafiti wa AiDAPT wa mwaka 2023, uliohusisha wanawake 124 hapa Uingereza, sukari ya walioitumia ilikaa katika kiwango kinacholengwa kwa wajawazito, kati ya milimoli 3.5 na 7.8 kwa lita, kwa asilimia 68 ya muda, dhidi ya asilimia 56 kwa wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida. Hata hiyo humtegemea mwenyewe ahesabu wanga wa chakula chake, na kijitabu nilichopewa kilijaa mikate na viazi, ugali hamna, ikanibidi niupime kwa mizani ya jikoni sahani baada ya sahani.

Binamu yangu wa Muheza, Tanzania, anayejidunga mara nne kwa siku, aliniuliza mwaka jana kama asubiri apate pampu ndipo abebe mimba. Nilimjibu kwamba sindano anazijua vizuri, na kinachomfaa ni kupanga na daktari wake miezi kadhaa kabla, akipima sukari mara nyingi zaidi. Jioni hiyohiyo tulianza kwa kuhesabu vipande vya kupimia sukari alivyobakiwa navyo.