OTC ya ng'ombe Tabora: iuzwe kwa cheti tu?

Ng'ombe akigoma kula na kulegea masikio, mfugaji wa Igunga au Kaliua huvuta bomba la sindano na chupa ya OTC 20%, yaani antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, kabla hajampigia simu bwana mifugo. Wapo wanaotaka dawa hiyo iuzwe kwa cheti cha mtaalamu wa mifugo tu. Wafugaji nao wanauliza: cheti cha nani, ikiwa bwana mifugo ni mmoja kata nzima, tena pengine hana pikipiki?

Hoja yao ni nzito. Oksitetrasaiklini, iliyotangazwa na kampuni ya Pfizer mwaka 1950, hutengenezwa na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces rimosus. Kwa kawaida haiui bakteria papo hapo. Huzuia bakteria wasitengeneze protini, wakashindwa kuongezeka, kisha kinga ya mnyama ikawamaliza. Kwa ndigana baridi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe, inasaidia kweli, na ugonjwa huo hausubiri usafiri. Hata chanjo ya ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe, huchomwa sambamba na OTC inayodumu mwilini muda mrefu, ili vimelea hai vilivyomo kwenye chanjo visimzidi nguvu ng'ombe.

Lakini si kila homa ni ndigana baridi. Tabora ni nchi ya miombo na mbung'o, na OTC haigusi vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo haivigusi pia. Ndigana kali ikishapamba moto inataka dawa nyingine, buparvakwoni. Ukikisia vibaya, hela imekwenda, ng'ombe huenda akafa, na bakteria wengine mwilini mwake wamepata nafasi ya kuwa sugu. Usugu wenyewe haukuanzia zizini: bakteria anayetengeneza dawa hii ana jeni za kujikinga nayo, na jeni za namna hiyo huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Doksisaiklini wanayopewa wagonjwa wa kipindupindu ni dawa ya ukoo huohuo, kwa hiyo usugu huo unaweza kuwagusa na watu.

Kwa hali ilivyo, naona cheti kitawasukuma wafugaji kwa wachuuzi wa mnadani, ambako chupa zinashinda juani. Heri kumbana mwenye duka: aulize dalili, akadirie uzito, akatae inapobidi.

Kwenye maziwa sina huruma hiyo. Lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja, na kuchemsha hakuondoi dawa yote. Aliyechoma jana akauza maziwa leo Tabora mjini bila kusema, huyo suala lake si uhaba wa mabwana mifugo.