Shemeji, sitapu na jezi namba 81

Leo nimefika kazini saa kumi na moja na dakika kumi na tisa alfajiri, shifti inaanza kumi na moja kamili. Supavaiza ananiuliza sababu, na sababu ninayo ila haisemeki. Utamwambiaje mzungu wa watu kwamba kaka wa mke wangu alikuwa amelala chali nyuma ya gari langu anapiga sitapu, yale mazoezi ya tumbo? Nikasema tairi. Nimekula nusu pointi ya uchelewaji, na zikifika ngapi kinachofuata mnakijua.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu mvumilivu, tena mwenye staha. Bili ya umeme ya Agosti Texas nimelipa kimya kimya. Taa ya injini imewaka tangu Juni, tunasalimiana kila asubuhi. Grupu la ukoo wanachangisha harusi ya kijana ambaye mchumba mwenyewe hajapatikana, nimetuma. Sijalalamika hata siku moja. Lakini hili la leo hapana, hili niacheni niseme.

Shemeji alikuja Mei kutoka Philadelphia, eti wiki mbili tu abadilishe hewa. Akashuka na mabegi matatu na sufuria la pilau, na mimi kwa ujinga wangu nikalibeba mwenyewe mpaka jikoni bila kujiuliza, mtu wa wiki mbili sufuria la nini? Na siwezi kumwambia neno, maana ndiye kaka mkubwa, ndiye aliyekaa kwenye kikao cha mahari, na kuna mbuzi wawili tunadaiwa mpaka leo, kila nikikohoa anawakumbuka.

Sasa jana usiku nimerudi, nimekaa, tivii inaonyesha marisiva, yaani wadakaji, wa zamani wa huu mpira wa Wamarekani ambao miguu wanaitumia kukimbilia tu. Akatokea Terrell Owens, T.O., namba 81. Shemeji akaweka kijiko chini. Ukiona yule bwana ameweka kijiko chini na pilau bado lipo kwenye sahani, jua kuna kesi.

Msimamo wangu mimi hapa nyumbani wanaujua mpaka watoto: T.O. alikuwa hasara. Na nasema hivyo nikiwa shabiki wa Dallas Cowboys, timu ya huku kwetu, niliyenunua jezi yake kwa hela yangu. Mwaka 2000 huyu mtu akiwa San Francisco alifunga akakimbia mpaka katikati ya uwanja wetu, akasimama juu ya ile nyota ya nembo yetu, mikono kaitawanya uso juu kama mkulima anaomba mvua, akafunga tena akarudi tena, mpaka beki wetu George Teague akamfuata akamkumba palepale juu ya nyota. Kocha wake mwenyewe alimsimamisha. Mimi wakati huo niko Tanga sijui hata ule mpira una umbo gani, ila ukihamia mji wa watu unarithi na machungu yao. Basi 2006 tukamchukua sisi, dola milioni 25 miaka 3, na mji mzima uliokuwa unamlaani ukapanga foleni kununua jezi, na mimi nimo kwenye foleni. Kocha Bill Parcells hata jina lake alikuwa hataki kulitaja, anamwita "mchezaji" basi.

Inayoniuma mimi ni 2007. T.O. kadaka yadi 1,355, tachidauni, yaani mabao ya mpira huu, 15, timu imeshinda mechi 13 na kupoteza 3, tukasema huu mwaka ni wetu. Mtoano, tuko nyumbani, Giants wakaja, 21-17, kwaherini. T.O. akakaa mbele ya waandishi na miwani myeusi usiku ule, machozi yanashuka, anamtetea mrusha mpira wetu Tony Romo asilaumiwe. Mke wangu akapita sebuleni akauliza, huyu kafiwa na nani? Msimu uliofuata tukamaliza kwa kupigwa 44-6, tena huko huko Philadelphia, na Machi 2009 wakamwacha. Haya, msimu wa kwanza bila yeye timu ikashinda mechi 11, na kwenye mtoano ikashinda kwa mara ya kwanza tangu 1996. Nikamgeukia, shemeji, hapo unasemaje?

Akasema Philadelphia walikufa kwenye nusu fainali miaka mitatu mfululizo, T.O. akaja 2004, wakaingia Super Bowl, fainali yenyewe. Nikamwambia mechi mbili za mtoano zilizowafikisha huko yeye hakucheza, alikuwa amevunjika mguu tangu Desemba. Akasimama kabisa. "Na fainali nani alicheza? Wiki saba tu! Skrubu mguuni! Daktari aliyemfanyia opereshini kagoma kumruhusu! Kadaka mara 9, yadi 122!" Nikasema, wakafungwa 24-21. Akasema, "Waliofungwa ni timu. Yeye hakufungwa."

Mnaona ninavyoishi?

Na hapo ndipo ulipo ugonjwa wa yule bwana, T.O. namaanisha, ingawa naona hata mwingine mnamuona. Jumapili anakupa pointi. Halafu Jumatatu mpaka Jumamosi anazidai zile pointi pamoja na riba. Msimu mmoja tu baada ya kusaini na Philadelphia mkataba wa miaka 7, anataka mpya. Anamsema kwotabeki wake, yaani mrusha mpira, Donovan McNabb kwamba alichoka kwenye fainali. Agosti 2005 kocha Andy Reid akamfukuza kambini akae kwake wiki nzima, naye akaita waandishi mbele ya nyumba yake New Jersey, akavua shati, akaanza kupiga sitapu huku anajibu maswali. Novemba wakamsimamisha moja kwa moja, McNabb naye akaumia, wakamaliza na ushindi 6, vipigo 10.

Nikaenda kulala najua nimeshinda. Nilikosea kuitaja ile habari ya sitapu.

Saa kumi na nusu natoka, bado giza, kahawa mkononi, nawasha gari, narudisha nyuma kidogo, kengele ya kamera ya nyuma inalia kama imeona jini. Nashuka. Shemeji huyu hapa kalala katikati ya njia ya gari, kwenye mkeka wetu wa wageni, kavaa kandambili na JEZI YANGU, namba 81, ile niliyokuwa nimeificha chini ya mashuka kwa sababu ya aibu. Anahesabu kwa sauti. Sitini na mbili. Sitini na tatu.

"Shemeji, shikamoo, nakuomba upishe gari."

"Marahaba. Nakuonyesha kitu. Mtu anafanya mazoezi kwake, timu inaharibika vipi?"

"Kwako ni wapi, shemeji?"

Akanyamaza kidogo. Sitini na saba. "Mbuzi wawili," akasema.

Wakati huo jirani wa pili anapita na mbwa, maana joto la hapa Agosti mbwa wanatembezwa usiku. Mzee wa kizungu, Cowboys wa tangu enzi, miaka yote salamu yetu ni kupungiana mkono tu. Leo alipoiona ile 81 chini akawasha tochi ya simu akammulika shemeji usoni, akasema yule mtu alikuwa sumu ya chumba cha kubadilishia nguo. Shemeji hakuacha kuhesabu. Akamjibu kwa Kiingereza cha Philadelphia, sitini na tisa, uliza swali, sabini, uliza swali. Mzee akauliza kweli! Kauliza lile la T.O. kumtemea mate beki wa Atlanta, DeAngelo Hall, 2006. Jirani wa ng'ambo naye akafungua gereji yake aone kuna nini, taa kubwa ikamwagika, sasa tuna tochi, tuna taa, tuna waandishi wawili na mbwa, na mimi nimesimama na kahawa kama Andy Reid, tumbo pia tunafanana.

Mlango ukafunguliwa, mke wangu akatoka na kanga mbili, kichwani rola. Nikasema Mungu mkubwa, mkombozi kafika.

"Mama watoto, mwambie kaka yako anyanyuke, nachelewa."

"Swali lingine."

"Eti nini? Huyu atakaa hapa mpaka lini?"

"Swali lingine, baba watoto."

Nikajua wamepanga. Ile ndiyo ilikuwa lugha ya wakala wa T.O. 2005, Drew Rosenhaus, kila anachoulizwa yeye anajibu swali lingine, na kumbe usiku wakati mimi nakoroma shemeji kamfundisha. Mzee wa mbwa anacheka hajui hata tunasema nini.

Hapo bado nilikuwa na staha yangu. Kilichoiondoa ni hiki. Mnakumbuka T.O. alivyokubaliana na wanaosema kwamba Brett Favre angekuwa kwotabeki wa Philadelphia badala ya McNabb mambo yangekuwa mazuri zaidi? Basi shemeji akakaa kitako, akajifuta jasho kwa mkono wa jezi yangu, akamwambia dada yake, taratibu kabisa, "Mimi nilisema tangu mwanzo. Ungeolewa na yule wa Korogwe mwenye Fuso tatu, asubuhi kama hii mngekuwa mmelala."

Fuso tatu!

Sikumbuki vizuri nilichosema. Nimekumbuka baadaye nikiwa kwenye foklifti, vipande vipande. Nilisema habari ya mgongo. Nilisema habari ya kuamka saa kumi miaka kumi na tisa, na mkopo wa nyumba, na braketi za meno za mtoto, na kwamba yule wa Korogwe Fuso mbili zilikuwa za mjomba wake, na nilisema kwamba tangu Mei hakuna aliyeniuliza nakula nini au naumwa wapi, na sauti ilipanda ikafika mahali ikakatika. Mbwa alikaa chini. Jirani wa ng'ambo akashusha gereji polepole, nusu, halafu yote.

Shemeji akainuka akakunja mkeka. "Seti imeisha," akasema. Akanipiga bega mara mbili. "Chakula chako nimekuwekea kiti cha mbele."

Njiani nikawa nawaza mambo ya ajabu. Nikawaza yadi 15,934 na tachidauni 153, na bado walimruka miaka miwili kabla ya kumpeleka kwenye ukumbi wa magwiji 2018, na sherehe ya Canton, ulipo ukumbi huo, akaikataa akaenda kuhutubia Chattanooga, kwenye chuo chake. Zamani hilo nalo nililiweka kwenye orodha ya makosa yake. Leo nimekwama kwenye taa nyekundu nikasema, kwa kweli hata mimi wakiniita saa hizi siendi. Na ile harusi ya asiye na mchumba siendi, na ile pointi nusu nitaipinga, kuna mtu pale anachelewa kila Ijumaa na hakatwi kwa sababu anafuga samaki na supavaiza, sijui wanabadilishana nini, mayai ya samaki? Fomu ya kukata rufaa yenyewe iko kwenye mtandao na neno la siri nilishalisahau.

Mchana nikafungua lile kontena. Pilau la nyama, kiazi kimeiva mpaka ndani, kachumbari kaifunga pembeni isilowe, pilipili kwenye kikopo cha dawa. Nilikuwa nimeapa siligusi. Vijana wa shifti wamenizunguka wanauliza linauzwa wapi.

Niko kwenye kiazi cha pili simu ikalia, barua pepe ya chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu. Nikajua tayari, wametushtaki kwa fujo. Hapana. Faini dola 50, mapipa ya taka yanaonekana barabarani nje ya siku yake. Picha wameambatanisha. Nimeikuza. Mapipa mawili, bampa la gari langu, na pembeni chini kabisa kandambili moja, goti, na namba 8. Ile 1 imeliwa na pipa.