Kabla Hujaniuzia Kikosi, Nionyeshe cha Mwaka Jana

Julai haijaisha na wameshaanza. Juzi usiku kaingizwa mtu kwenye grupu letu la Fantasy, ule mchezo wa mtandaoni wa kununua wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa pesa za mchezo na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Hatumjui, salamu hajatoa, kabandika picha ya moto na makombe: "KIKOSI CHA UHAKIKA WIKI YA KWANZA, POINTI 80 KWENDA JUU, 5,000 TU." Chini yake namba ya kutumia pesa. Dakika kumi hazikuisha, watu wanne wazima, wenye ada za shule zinazowasubiri, walikuwa wameandika "nimetuma kiongozi".

Kiongozi!

Elfu tano ni yao, wakanunue hata upepo. Kinachonikera ni ushahidi wake: mechi za maandalizi. Fulani kafunga mawili Singapore. Fulani "anaonekana mwepesi" huko Marekani. Jamani, sisi tuliolelewa na Simba Day na Wiki ya Mwananchi ndio wa kudanganywa na hili? Kila mwaka tunajaza Uwanja wa Mkapa, anatambulishwa winga kwa moshi na muziki, anapiga chenga mbili mbele ya wageni walioshuka kwenye ndege jana yake, tunarudi nyumbani tumeshampa kiatu cha dhahabu. Dirisha dogo likifika anatolewa kwa mkopo na hakuna anayekumbuka jezi yake ilikuwa namba ngapi. Chanjo hiyo tumechomwa miaka yote. Ikija Ligi Kuu ya Uingereza tunajifanya wageni wa mpira.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliungua, na sikuuziwa na mtu. Nilijiuzia.

Julai 30, 2022, Ngao ya Jamii ya Waingereza, Liverpool na Manchester City. Ilipigwa Leicester kwa sababu Wembley ilikuwa inasubiri fainali ya Euro ya wanawake kesho yake. Haaland, mshambuliaji mpya wa City kutoka Ujerumani, nilikuwa naye kikosini tangu Fantasy ilipofunguliwa, milioni 11.5, nimetulia. Nikakaa kumwangalia. Dakika za majeruhi, goli liko wazi, mpira uko mguuni, mtu mwenyewe ni Haaland: ukagonga mtambaa panya. Upande wa pili Darwin Núñez katokea benchi, kasababisha penalti, kisha kafunga kwa kichwa. Liverpool 3, City 1. Wachezaji hawajavua viatu mimi nilishamtoa Haaland. "Ile ilikuwa Ujerumani bwana," nikawaandikia wenzangu, kama mtu aliyewahi kufundisha hata timu ya mtaa. Núñez alikuwa milioni 9. Chenji nikapandishia beki.

Na wiki ya kwanza mambo yakajipa. Núñez akaingia pale Fulham, akafunga, akampa Salah pasi ya bao. Nikatuma vikatuni vya kucheka. Kesho yake Haaland akafunga mawili kwa West Ham. Nikasema bahati ya mgeni. Ndipo ikafika Jumatatu ya Agosti 15, Anfield, Crystal Palace, saa nne usiku kwa saa zetu, na unahodha nimempa nani? Núñez. Dakika ya 57 akamtwanga Joachim Andersen kichwa. Nyekundu. Kwenye Fantasy nyekundu ni kukatwa pointi 3, na nahodha huzidishiwa mara mbili, hata hasara. Akafungiwa mechi tatu. Wakati yeye anatumikia adhabu, Haaland akawapiga Palace matatu, siku nne baadaye akawapiga Nottingham Forest matatu mengine. Msimu akaumaliza na mabao 36, rekodi ya ligi hiyo. Mimi nilikuja kumnunua Septemba kwa bei iliyokwishapanda, nikiwa wa kumi na moja katika ligi ya watu 14.

Haya, nilichokuwa nakijua kabla ya siku ile ni nini? Kwamba kijana alicheza mechi 89 Dortmund na kufunga mabao 86. Hilo lilikuwa wazi, limeandikwa, halihitaji mchambuzi. Nikabadilisha mechi 89 kwa mtambaa panya mmoja. Ndiyo kazi ya mechi za maandalizi hiyo: zinakupa kitu kipya cha kuangalia, na macho yakishaona kitu kipya akili inakwenda likizo.

Mwaka uliofuata ukawa uleule kwa sura nyingine. Nkunku alikuwa anafunga kwenye ziara ya Chelsea Marekani, nusu ya grupu wamemweka, goti likaondoka Chicago kabla ligi haijaanza. De Bruyne wa City akaumia na kutolewa uwanjani kwa Burnley mechi ya kwanza kabisa, nusu saa haijafika. Na aliyekuja kuutikisa msimu, Cole Palmer, milioni 5, mabao 22, tisa kati yake penalti? Ligi ilipoanza alikuwa bado mchezaji wa City. Kahamia Chelsea siku dirisha linafungwa. Nani alikuuzia huyo mwezi Julai kwa 5,000? Nitajie.

Nitawapa haki yao, shingo upande. Wapo wanaofanya kazi kweli. Mwaka 2019 kuna waliomwona John Lundstram wa Sheffield United mapema: mchezo umemwandika beki, bei milioni 4, uwanjani anacheza kiungo. Akifunga anapata pointi 6 za beki, timu isipofungwa anapata 4 juu yake. Huko ni kusoma mchezo. Mtu akiniambia nani atapiga penalti, nani anagombea namba na nani, nani kocha hamwamini dakika tisini, namsikiliza na soda nitamnunulia. Hata ratiba ya mechi tano za mwanzo nakubali. Lakini "anaonekana mwepesi"? Na mimi naonekana mwepesi nikivaa tisheti nyeusi.

Kingine, kwenye ligi yetu ya ofisini kuna dereva mmoja aliyepanga kikosi Agosti, akapoteza simu Oktoba, na neno la siri likaenda nayo. Timu ikacheza yenyewe mpaka Mei, bila uhamisho hata mmoja, bila waildikadi (ile kadi ya kubadilisha kikosi kizima bure), nahodha yuleyule. Akashika nafasi ya nne. Mimi nilishika ya tisa, nimekesha, nimelipa pointi 4 za uhamisho wa ziada sijui mara ngapi. Tulipomwambia alikomalizia alidhani tunamtania.

Kwa hiyo juzi, baada ya wale wanne kutuma, nikamwandikia kiongozi wao, kwa heshima zote: "Kaka, habari za jioni. Naomba kikosi ulichouza mwaka jana wiki ya kwanza, nilinganishe na pointi." Tiki mbili. Zikawa bluu. Akaandika... akaacha. Akaandika tena, akaacha tena. Asubuhi nikakuta katoa tangazo jipya: kwa kuwa nafasi zinakwisha, kuanzia kesho kikosi ni 7,000.

Wa tano ameshatuma.